Chapuchapu na Mzee wa Bastola

Mzee aliingizwa chumba cha dharura jua likiwa la utosi, amelazwa chali kwenye kitanda cha magurudumu, mguu mmoja una kiatu na mwingine peku. Kiatu cha pili alikuwa nacho binti yake, kakikumbatia kifuani huku analia. Mzee alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi. Jamani, mtu mwenye wajukuu anapanda paani kuziba tundu, na mafundi wamejaa mtaani wanatafuta kazi kwa tochi! Lakini ndivyo alivyokuwa, mbishi hana mfano. Ngazi iliteleza, naye akajipigiza ubavu wa kushoto kwenye ukingo wa tangi la maji. Asubuhi nzima alikataa kuletwa hospitali, akidai ni maumivu ya kawaida tu, mpaka alipojaribu kusimama akadondoka.

Daktari mpasuaji aliitwa, akaja mbio. Usoni watu walimwita Daktari, na mgongoni walimwita Chapuchapu. Jina hilo la pili hakulipatia hospitali. Kabla hajashika kisu alikuwa mwanamke mwenye mbio kuliko wote nchini, bingwa wa mita mia, yule ambaye akiinama tu kwenye mstari, redio zote mtaani zinaongezwa sauti. Hata sasa, mvi zimeshaanza kumchungulia, akipita varandani watu wazima hunong'onezana, "Si ndiye yule?" Naye hujifanya hasikii. Anasikia sana, na inampendeza. Asikudanganye mtu, kusifiwa hakuchoshi.

Aliweka kiganja juu ya tumbo la mzee. Lilikuwa gumu, limejaa, na mzee aliguna kwa maumivu. Uso ulikuwa umempauka, kijasho chembamba kinamtoka, midomo haina rangi. Daktari akaletewa kimashine cha kuangalia ndani ya tumbo, akakipitisha chini ya mbavu, na kwenye kioo pakatokea weusi mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na weusi.

"Bandama limepasuka," akamwambia binti. "Liko hapa, chini ya mbavu za kushoto. Anavuja damu kwa ndani. Inabidi tulitoe, na iwe sasa hivi."

"Sasa ataishije bila bandama, daktari?"

"Watu wanaishi bila bandama, tena vizuri tu. Hakuna anayeishi bila damu."

Muuguzi mkuu wa upasuaji, ambaye hospitali nzima ilimwita Sista, alikuwa ameshachukua mkasi kukata shati la mgonjwa. Mzee alipohisi chuma kifuani alifumbua macho.

"Toka!" akasema.

Neno moja tu. Lakini sauti ile Daktari alikuwa anaijua. Aliijua kuliko anavyoijua sauti ya marehemu mama yake. Akamtazama mzee vizuri kwa mara ya kwanza, akayaondoa makunyanzi kwa mawazo, akamrudishia nywele na kofia nyekundu ya uwanjani, na ndiye, ndiye kabisa.

Huyu alikuwa mwanzishaji wa mbio. Kwa miaka mingi hakuna mbio kubwa iliyoanza bila bastola yake, na wakimbiaji walimwita Mzee wa Bastola. Siku ya mchujo wa kwenda kwenye mashindano ya dunia, Chapuchapu aliinama kwenye mstari akiwa na uhakika wa safari. Sanduku lilikuwa limeshafungwa nyumbani. Bastola ililia, akachomoka, na kabla hajanyooka vizuri ikalia tena. Mlio wa pili maana yake ni kwamba kuna mtu ametangulia. Mzee wa Bastola alitembea taratibu mpaka kwenye njia yake, akainua kadi nyekundu. Chapuchapu akaapa kwamba hakutangulia. Akapiga magoti mbele ya uwanja mzima, mbele ya mama yake aliyekuwa jukwaani na kitenge kipya. Yule bwana hakumtazama hata usoni. Alisema "Toka," basi, akarudi mahali pake, na mbio zikaanza upya bila yeye. Msimu uliofuata alikimbia tena lakini hakushinda kitu. Magazeti yakaandika amekwisha. Akaachana na uwanja, akaingia kwenye vitabu, na ile chuki akaingia nayo, akahitimu nayo, akaajiriwa nayo.

Sasa yule aliyewekewa chuki ile alikuwa amelala mbele yake anamkodolea macho.

"Chapuchapu," mzee akasema polepole.

"Ndiyo, mzee. Ni mimi."

"Huyu hanigusi." Akageuza shingo kumtafuta binti yake. "Umesikia? Nitafutie daktari mwingine. Huyu ana jambo lake na mimi."

Binti akachanganyikiwa. Alitazama huku, akatazama kule, kiatu bado kifuani. Daktari mwingine hakuwepo. Mpasuaji mwenzake alikuwa likizo, na hospitali nyingine yenye chumba cha upasuaji ilikuwa mbali. Mgonjwa wa namna ile akipakiwa kwenye gari, mtakachokifikisha huko ni maiti. Daktari aliyasema hayo yote wazi, bila kupaka mafuta. Mzee akafumba macho na kukaza midomo.

Hapo ndipo alipoingia mtaalamu wa usingizi, ambaye kila mtu alimwita Nusukaputi. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa na utani mwingi, na alikuwa amefanya kazi na Daktari tangu siku yake ya kwanza pale. Aliambiwa kisa kizima kwa harakaharaka, akamvuta Daktari pembeni, karibu na sinki.

"Mwambie umemsamehe."

"Sijamsamehe."

"Sikukuuliza kama umemsamehe. Nimesema mwambie. Maneno hayalipiwi ushuru, bwana. Presha yake inashuka, na sisi tumesimama hapa tunajadili riadha!"

Binti naye akaja, akamshika Daktari mkono kwa mikono yake miwili. "Dada yangu, nakuomba. Sema tu yameisha. Nitakubusu miguu. Ni baba yangu, sina mwingine."

Daktari akarudi kitandani. Wagonjwa wengine walikuwa wameinua shingo, wauguzi wamesimama na vitu mikononi. Mzee akafumbua macho.

"Niangalie usoni," akasema. "Umenisamehe?"

Ingekuwa rahisi. Ndiyo, mzee, yale ya kale tumeyazika, tuendelee. Daktari alifungua kinywa kuyasema na yakamkwama. Atamdanganyaje mtu, halafu aende akampasue?

"Hapana," akasema. "Sijakusamehe, na sidhani kama nitakusamehe. Uliniharibia maisha, na hukunitazama hata usoni. Lakini tumbo lako linajaa damu, na mwenye kisu hapa ni mimi peke yangu. Ukikubali, nitakutoa humo nikiwa nimekasirika hivihivi. Ukikataa, utakufa leo leo."

Binti alipiga yowe. Nusukaputi alishika kichwa. Mzee alimtazama Daktari, pumzi inamwenda juujuu, kisha uso wake ukalegea kidogo.

"Ungesema umenisamehe ningejua unataka kuniua," akasema. "Nipelekeni."

Wakamkimbiza. Varandani Daktari alisikia minong'ono inaanza nyuma yake, na safari hii haikumpendeza hata chembe. Watu wangapi wamemsikia? Mzee akifa mezani, nani ataamini kwamba ni bandama lililomuua? Alikuwa ametamka kwa kinywa chake, mchana kweupe, mbele ya mashahidi wa kumwaga. Lakini hilo halikuwa lililomtisha zaidi. Lililomtisha ni kwamba alipokuwa ananawa mikono, anasugua kucha mpaka zinauma, alijiuliza kama yeye mwenyewe ataamini.

Nusukaputi alichungulia kutoka mlangoni, barakoa imening'inia kidevuni. Safari hii hakuleta utani.

"Nisikilize vizuri. Kilichomshikilia huyu mzee ni tumbo lake kukaza. Misuli imeibana ile damu. Nikimlaza, misuli italegea, na damu itafunguka yote kwa mpigo. Kwa hiyo leo usinisubiri. Mpakeni dawa na mumfunike akiwa macho. Nikishamdunga tu, wewe kata. Mimi nitahangaika kumpitishia mpira wa hewa kooni huku juu, na shingo yake ni ngumu, sitakuwa na nafasi ya kuongea. Usinisubiri. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Nijue umenielewa kweli, maana nakufahamu."

Alikuwa anamfahamu. Kila mpasuaji ana vituko vyake. Yuko asiyekata bila kuimba, na yuko anayegombana na taa. Cha Daktari kilikuwa hiki: hakuwa anaweka kisu kwenye ngozi ya mtu mpaka asikie neno "Anza" limetamkwa kwa sauti na mtaalamu wa usingizi. Haitoshi kutikisa kichwa, haitoshi kuinua dole gumba. Ilikuwa lazima neno lisikike. Nusukaputi alishazoea, na siku za raha alilitamka kwa mbwembwe za mtangazaji wa mpira, na chumba kizima kikacheka. Wanafunzi wa udaktari walidhani ni utaratibu wa kitabuni. Wengine walikwenda nao kwenye hospitali zao na kushangaa kwamba huko haupo. Kwenye kazi, Daktari alikuwa na mikono myepesi ajabu, lakini kabla ya neno lile alisimama kama mtu aliyefungwa miguu, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

Mzee alilazwa mezani, taa kubwa ikashushwa. Sista alimpaka dawa tumbo zima kuanzia kifuani hadi kwenye nyonga, akamfunika vitambaa vya kijani mpaka ukabaki mraba mmoja tu wa ngozi. Daktari alisimama upande wa kulia, kisu mkononi. Upande wa juu, nyuma ya kitambaa, alisikia Nusukaputi anamwambia mzee avute pumzi ndefu, na mzee anabishana naye kuhusu urefu wa pumzi. Kisha sauti ya mzee ikakatika katikati ya neno.

Tumbo likalegea. Daktari aliliona kwa macho yake. Lilikuwa limekaza kama ngoma, na sasa lilitepeta, kisha likaanza kuinuka polepole. Mashine iliyokuwa inalia kwa mpigo wa kawaida ikaongeza kasi.

Daktari akasimama tuli.

Nusukaputi alikuwa ameinama, kifaa chake kiko kinywani mwa mgonjwa, anatafuta njia ya hewa na haioni. "Shingo hii!" alifoka. "Nipeni mpira mdogo!" Msaidizi akampa. Ukakataa kuingia. Mashine ikazidi kukimbia. Kisha namba za presha zikaanza kubadilika, zinashuka, zinashuka tena, na kengele ikaanza kulia.

Daktari alikuwa amesimama na kisu juu ya ngozi. Alijua la kufanya. Alikuwa ameambiwa kwa kinywa, akajibu kwa kinywa. Na bado alikuwa anasubiri. Masikio yote yalikuwa kule nyuma ya kitambaa, yanatafuta neno moja, na neno halikuja, na mkono haukushuka. Sista alimtazama. Aligeuka akamtazama Nusukaputi, akamtazama Daktari tena, na macho yake juu ya barakoa yalikuwa yamejaa hofu.

Hapo, katikati ya kengele na kelele, Daktari alisikia wazo linampita kichwani, limetulia kabisa. *Kaa hivyohivyo. Hujafanya kosa. Hukupewa ruhusa, na hakuna atakayekulaumu.*

Alishtuka. Wazo lile lilitoka wapi? La nani? Akaangalia mraba wa ngozi uliokuwa unavimba chini ya taa, akajiona yuko pale kwa miaka yote, ameinama, anangoja ruhusa ya mtu yule yule aliyekuwa anamfia mezani.

"Naanza!" akapiga kelele, mwenyewe, mpaka msaidizi akaruka.

Akakata. Mpasuo mmoja kutoka juu hadi chini, bila kurudia, na alipofungua utando wa ndani damu ilimwagika kama maji ya ndoo iliyopigwa teke. Ilifurika mezani, ikamwingia kwenye viatu. Hakuona kitu. Mashine ya kunyonya ilivuta, ikakohoa, ikaziba. Kuona hakukuwa na maana tena. Aliingiza mkono mzima, akaupitisha juu ya tumbo la chakula, kushoto, nyuma kabisa, akitafuta kwa vidole. Vidole vilikuwa vinateleza. Kulikuwa na mabonge ya damu, kulikuwa na kitu kilichochanika, laini, kinachomomonyoka. Akalivuta lile bandama kuelekea kwake, akafuata shina lake mahali mishipa inapoingilia, akalibana kwa vidole viwili kwa nguvu zake zote.

"Presha?"

"Haisomeki!" msaidizi akajibu.

"Presha?"

"Bado!"

"Ongezeni damu! Ubinyeni mfuko, msiiache ianguke yenyewe!"

Mkono ulianza kumwaka moto kuanzia kwenye kidole gumba mpaka begani. Hakulegeza. Alikuwa anamwomba Mungu, alikuwa anamtukana mzee kimoyomoyo, yote kwa pamoja. Usinifie, wewe mzee. Usithubutu. Umeshanifanyia la kwanza, usinifanyie na la pili.

"Umeingia!" Nusukaputi akapaza sauti. Mpira wa hewa ulikuwa umepita. Kifua cha mzee kilipanda, kikashuka. "Hewa ipo. Tupe damu, tupe damu. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Basi usiachie hata wakikuambia nyumba yako inaungua."

Baada ya hapo ndipo Chapuchapu alipokuwa Chapuchapu. Sista aliweka koleo la kubania mishipa mkononi mwake kabla hajaliomba, naye akabana, akaliomba la pili, akabana, akakata, akafunga. Bandama likatoka, likatupwa kwenye beseni, limeraruka vipande. Damu ikaacha kupanda. Walisubiri, na mashine taratibu ikaacha kupiga mbio, na namba zikarudi, kwanza kwa kusuasua, kisha zikakaa. Sista alianza kulia chini ya barakoa yake. Mtu mmoja alipiga makofi, akanyamazishwa.

Daktari hakufurahi. Alifunga tumbo, akavua glovu, akaenda chumba cha kubadilishia nguo, akakaa kwenye benchi na soksi zilizolowa damu. Nusukaputi akamfuata, akafunga mlango.

"Nilikuambia usinisubiri," akasema.

"Uliniambia."

"Nilikuwa nimeinama lakini sikuwa kiziwi. Nilisikia ulivyochelewa kuanza. Ulikuwa unasubiri nini?"

Daktari alitazama mikono yake. "Sijui."

Nusukaputi akavaa shati lake na kuondoka, na Daktari akahisi afadhali angetukanwa.

Mzee hakuamka siku ile, wala iliyofuata. Alihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi, na tatizo jipya likajitokeza: figo zilikuwa zimekosa damu kwa muda, na mfuko wa mkojo ulioning'inia kando ya kitanda ulikaa mtupu. Figo zikigoma moja kwa moja, kazi yote imekwenda na maji. Daktari alikuja kuutazama mfuko ule mara kwa mara mpaka wauguzi wakaanza kumwonea huruma. Ulikuwa mkavu. Alihesabu kichwani: presha ilianza kushuka hapa, mimi nikakata hapa, kati ya hapa na hapa nilisimama. Nani alisimama? Yule anayefuata utaratibu, au yule aliyechukia? Alijihoji hivyo akila, akaacha kula. Alijihoji akiendesha gari, akapitiliza nyumbani kwake.

Na binti ndiye aliyemmaliza kabisa. Kila wakionana, binti alimkumbatia. "Dada yangu, Mungu akuzidishie. Nimewaambia ndugu zangu wote, huyu mwanamke ana moyo wa pekee. Kuna watu wangeweza kumwacha afe, lakini wewe!" Daktari alipokea kukumbatiwa kule huku moyo unamsuta, akatamani kumwambia anyamaze.

Kisha asubuhi moja mkojo ulionekana kwenye mpira mwembamba ulioshuka kwenye ule mfuko, kidogo, mweusi kama chai ya rangi iliyochacha. Mchana ukaongezeka. Kesho yake mfuko ulikuwa umejaa mpaka nusu, na Sista, mtu mzima na heshima zake, alicheza varandani. Mpira wa hewa ukatolewa. Mzee akaanza kulalamika kuhusu mto, na hapo kila mtu akajua amepona.

Daktari aliingia akamkuta peke yake, binti amekwenda kutafuta uji. Alisoma mashine, akakagua kidonda. Mzee alimfuata kwa macho.

"Ulitangulia," mzee akasema. Sauti ilikuwa imekwaruzika kwa ule mpira wa hewa.

"Nini?"

"Siku ile ya mchujo. Ulitangulia. Bega lako la kulia lilicheza kabla sijavuta kidole. Nililiona kwa macho yangu. Hata leo ningekuondoa."

Lo! Daktari alihisi damu inampanda kichwani. Miaka yote hii, halafu mkono wake ndani ya tumbo la mtu, na haya ndiyo ya kuambiwa! "Nashukuru kwa shukrani zako, mzee," akasema, akageuka aondoke. Akafika mlangoni, akashindwa kutoka. Akarudi.

"Kuna jambo lazima ulijue, na utaniamulia utakavyo. Ulipolazwa, nilitakiwa nikate pale pale. Niliambiwa kabisa nisisubiri. Nikasimama. Nilikuwa na kisu mkononi, unakufa mbele yangu, na mimi nimesimama tu. Figo zako ziligoma kwa sababu hiyo."

"Ulisimama unafanya nini?"

"Nilisubiri niambiwe nianze."

"Kwa nini?"

"Sijui!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Nimejiuliza mpaka nimechoka. Nilikuambia usoni kwamba sijakusamehe. Naogopa nilitaka ufe, mzee. Ndiyo hivyo. Kashitaki ukitaka."

Mzee aliyazungusha macho darini, na Daktari akadhani hasira imemkaba.

"Mimi nimeinamisha watu kwenye mstari maisha yangu yote," mzee akasema. "Kila niliyewahi kumwondoa, nilimwona aliporudi. Bastola inalia, wenzake wameshaondoka, yeye bado yuko chini. Ameisikia, lakini haiamini. Anataka aambiwe mara ya pili kwamba ni halali. Wewe ulirudi msimu uliofuata, na kila mbio ulikuwa wa mwisho kuinuka. Watu walisema umekwisha. Hukuwa umekwisha. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwako, naona, na roho inaniuma."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia nini? Uamuzi ulikuwa sahihi. Siufuti." Akavuta pumzi. "Lakini nilikuambia utoke, na sikukutazama usoni, kwa sababu ningekutazama ningelia mbele ya watu. Sikujua kama ungebaki na hofu hiyo mpaka uzeeni. Hiyo siyo chuki, mwanangu. Chuki ingekuwa na haraka. Hiyo ni hofu, na ni mimi niliyekutia."

Daktari aliketi. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa, jambo ambalo yeye mwenyewe huwafokea wauguzi wakilifanya, akainamisha uso kwenye viganja, akalia. Alilia kwa sauti, mabega yanaruka, bila kujali nani anasikia. Mzee alinyoosha mkono wenye sindano ya dripu, akaupata mgongo wake, akaupapasa vibaya vibaya, kama mtu asiyezoea.

Hapo hapo binti akaingia na chupa ya uji. Akamwona daktari wa baba yake ameketi kitandani analia kwa kwikwi. Chupa ikadondoka ikapasuka.

"Baba!" akapiga ukunga uliosikika mpaka getini. "Baba yangu jamani! Amekwenda!"

"Nipo!" mzee akakwaruza. "Nipo bwana, punguza kelele, hapa hospitali!"

Binti hakumsikia. Alikuwa ameshajitupa sakafuni kwenye uji, simu mkononi, anawaita ndugu. Ikabidi Daktari ainuke, machozi bado yanamtiririka, amshike mabega na kumgeuza ili amwone baba yake.